Kurasa Ishirini

Kitabu kile hakikuwa na jalada.
Kilifika bwenini kwetu, Tanga, ndani ya foronya ya Shemhilu,
kimeshonwa kwa uzi wa katani,
na kurasa ishirini za mwisho
mtu alikuwa amezisokotea sigara.

Tulikisoma kwa zamu, kibatari chini ya kitanda.
Kilisimulia mji ambao wataalamu wake
walipanda ubongo vyunguni, kama mchicha,
na kila jioni watu walikaa kitako mbele ya kioo
kuutazama ukijifunza.
Upi ulishwe, upi unyimwe:
waliamua kwa kidole, huku wakitafuna.
Shemhilu alicheka mpaka machozi.
Wazungu, tulisema, wana muda wa kuota.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
mlinzi wa zamu anashika kitasa cha maabara,
na basi.
Moshi.

Nina miaka thelathini na mmoja Dundee.
Mji huu ulisokota juti, mababu zao wakikohoa vumbi.
Siku hizi unasokota michezo ya kompyuta,
na hakuna anayekohoa.
Binti yangu Mwanakombo ana kadi shingoni;
akiipitisha, milango inamtii.
Jumapili, akimenya viazi, aliniambia:
"Baba, tumekuza seli. Za ubongo.
Kibonge kama punje ya ulezi.
Tumezifundisha kurudisha mpira."
"Mpira gani?"
"Wa kwenye skrini. Zikikosa tunazipigia kelele za umeme.
Hazipendi kelele."
Nikauliza nani kasema hazipendi.
Kisu kikasita juu ya kiazi.
"Ni namna ya kusema tu, Baba."

Usiku nikashuka kwa Bi Effie Geddes, ghorofa ya chini,
ambaye hapendi kutazama kipindi chake peke yake.
Vijana kumi na wawili, nyumba isiyo na dirisha,
atakayesinzia anatolewa.
Msichana mmoja wa Paisley ana siku ya tatu hajalala,
anazungumza na swichi ya taa, anaiita mama.
Bi Effie amempigia kura mara nne.
"Namwonea huruma," alisema, akinisogezea biskuti,
"ndiyo maana nataka abaki."

Mzaha mzaha, bibi yangu alikuwa akisema,
na methali akaiacha hapo hapo,
kila mtoto pale uani akijua kilichomo jipuni.

Jumanne, duka la mitumba, barabara ya Perth:
kati ya vitabu vya mapishi na fumbo la vipande elfu
(kimoja kimepotea, wameandika kwa kalamu)
nikakiona. Kizima. Jalada la kijani.
Pauni moja.
Nikakifungulia kituo cha basi, mvua ikipiga ubavuni.
Miaka arobaini na minne nimeubeba mkono ule juu ya kitasa.
Mlango ule nimeufungua kwa kila namna:
anavikomboa vyungu; anatia moto;
anaukuta ubongo wake mwenyewe, una jina lake, una njaa.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu:
tangazo la sabuni.
Unaofuata, redio ya mbao, *ilete dunia sebuleni*.
Kisha riwaya nyingine za shirika lile lile,
shilingi mbili na nusu, kata hapa, tuma kwa posta.
Ishirini. Nilizihesabu mara mbili.
Hadithi iliishia kitasani.
Yule mvutaji wa Tanga hakutuibia kitu,
alivuta sabuni na redio.

Simu ikatetemeka. Mwanakombo:
"Zimerudisha kumi mfululizo!" na video, sekunde tisa.
Kijiti cheupe kwenye weusi, kinapanda, kinashuka,
kinachelewa, kinawahi.
Nikatazama. Nikarudia. Ya tatu nikaishangilia,
Mungu anisamehe, kwa sauti,
mama mwenye kigari cha mtoto akageuka.

Chini ya video simu iliniuliza kama nimependa.
Kidole kilikuwa kimelowa,
na kilikuwa njiani.